Muhuri wa Dada Mwenye Koti

Studio niliyofanyia kazi Makambako ilikuwa na pazia moja lililochorwa ngazi za jumba la kifahari, ngazi ambazo hakuna aliyewahi kuzipanda. Aliyelichora alikuwa mpiga rangi wa magari, na ndiyo maana mawingu yake yaling'aa kama boneti. Mbele ya pazia palipigiliwa ubao sakafuni. Mteja alitakiwa kugusisha ncha za viatu vyake pale na asijitingishe. Kamera ilisimama kwenye stendi ya miguu mitatu ambayo tajiri wangu aliamua kuichimbia kwa saruji, maana kila siku ya mnada watu waliipiga kikumbo wakipita na magunia yao. Kwa hiyo kila aliyepigwa picha kwetu, awe bwana harusi au mwanafunzi anayetaka kitambulisho, alipigwa kutoka pale pale, kwa umbali ule ule. Tajiri alisema ni kuepusha hasara. Mimi niliona ni uvivu, lakini mshahara ulitoka kwake.

Alikuwa mtu wa Kondoa, Mwislamu mpole aliyeanza kwa kuuza betri na vibiriti stesheni. Biashara ilipofunguliwa na kila mtu akawa analeta anachotaka, wengine walileta redio, wengine baiskeli, yeye akaleta kompyuta. Ilitoka Dar es Salaam imeviringishwa kwenye blanketi, imeshatumiwa na watu wa nchi nyingine hadi baadhi ya herufi zinanata. Pamoja nayo zilikuja skana, printa na programu ya kutengeneza picha. Fundi kutoka Mbeya aliifunga, akanifundisha haraka haraka huku akitazama saa, kisha akapanda basi lake. Mengine niliyapata kwa kubahatisha.

Kilichonishika katika programu ile ni mihuri. Sisemi muhuri wa ofisini wa wino wa zambarau. Huu ulikuwa muhuri wa picha: unachagua ua, unabofya, na ua linatokea pale ulipobofya, zima, na kivuli chake. Ukibofya tena linakuja jingine, limegeuka kidogo, ili mtazamaji asigundue kwamba umegonga tu. Ukiburuta mausi bila kuinua kidole, maua yanamwagika mstari mzima kama mahindi kutoka gunia lililotoboka. Walioitengeneza programu walituwekea waridi, vipepeo, maputo, sarafu, njiwa weupe, na majani mekundu ya mti ambao hadi leo sijawahi kuuona. Ua la pareto, ambalo kule kwetu limejaa mashamba mazima, halikuwemo.

Nilianza na kadi za harusi, nikaenda kwenye komunyo ya kwanza na kalenda za maduka. Lakini miaka ile njiwa walifanya kazi kuliko maputo. Watu walikuwa wanakufa wakiwa vijana. Familia zilikuja kutoka Makete, kutoka Ludewa, kutoka vijiji vya nyuma ya Njombe, zimeshika kipicha cha kitambulisho, zinataka kikuzwe, kiwekewe maua pembeni, kitangulie mbele ya jeneza. Ugonjwa haukutajwa. Marehemu alikuwa amerogwa, au alikuwa na kifua, au tumbo lilimsumbua siku nyingi. Mimi niliuliza njiwa au waridi, na picha inahitajika lini. Niliichukia kazi ile, na nilikuwa hodari kuliko yeyote katika mji ule, labda kwa sababu nilikuwa peke yangu.

Dada yangu, mtoto wa kwanza wa mama yetu, aliuza mitumba kando ya barabara ya Songea. Alifungua robota kwa kisu cha jikoni, na kabla jua halijakolea alikuwa ameshajua koti lipi litagombewa kule Iwawa kwenye baridi na blauzi ipi itaozea juu ya turubai. Mumewe, aliyekuwa mpasua mbao, alikuwa amemtangulia. Alimwachia mtoto mmoja wa kike, wakati huo ndiyo kwanza anaanza kutamka maneno yakaeleweka.

Alipoanza kukonda alisema ni biashara. Baadaye akasema ni vidonda vya tumbo. Sokoni walikuwa wameshasema kwamba amekanyaga waya, yaani ameukwaa ule ugonjwa, na waliposema hivyo hawakushusha sauti sana. Mimi sikumwuliza. Siku nzima nilishinda na watu ambao hawakutaka kuulizwa, na jioni nilirudi nyumbani kwa mwingine kama wao.

Mchana mmoja alikuja studio amemshika mtoto mkono, amevaa koti refu la kahawia lililotoka kwenye robota la wiki ile. Lilikuwa na vifungo vikubwa vilivyopangana kutoka kwenye kola hadi mapajani, na kimoja, cha pale kiunoni, alikuwa amekishona upya kwa uzi wa kijani kwa sababu wa kahawia hakuupata. Koti lilikuwa kubwa kwake na ndiyo sababu alilichagua. Uso ulikuwa bado mzima, umejaa. Chini ya koti ndiko kulikoharibika. Aliketi kwenye stuli nyuma yangu akanitazama nikimgongea njiwa kijana mmoja wa Ludewa aliyekuwa anazikwa siku inayofuata.

Nilipomgonga njiwa wa mwisho alisogeza stuli karibu. Kisha akauliza, "Huo muhuri unaweza kuwa mtu?"

Nilimwambia unaweza kuwa kitu chochote, almradi kimekatwa vizuri kwenye picha yake.

"Basi nikate mimi."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Alieleza polepole, kama anavyoeleza mteja asiyejua kuchagua nguo. Alitaka apigwe picha leo hii, akiwa bado anatazamika. Mimi nimkate, nimhifadhi kwenye kompyuta pamoja na wale njiwa. Kila Pasaka mtoto wake aletwe studio, apigwe picha na nguo yake mpya, na mimi nimgonge yeye pembeni. "Sitaki azoee kusimama peke yake," alisema.

Nilitaka kumwambia aache mambo ya kuchuria. Niliacha, maana tungedanganyana, na yeye alikuwa amechoka kudanganywa.

Tajiri mwenyewe ndiye aliyepiga ile picha. Dada aligusisha viatu kwenye ubao, akanyoosha mgongo, kisha akautanua mkono mmoja, kiganja kimetazama chini, ukabaki hewani sawa na kifua chake. Tajiri akamwomba aushushe, anaonekana kama anayepima urefu wa mahindi shambani. Dada akakataa. Alisema pale ndipo bega la mwanawe litakapokuwa akishakuwa msichana mkubwa, na yeye hataki kumshika begani mtoto mdogo, anataka kumshika mtu mzima. Mtoto mwenyewe alikuwa amekaa sakafuni anachezea kikopo cha filamu, hata hakutazama juu. Tajiri alipiga, kisha akaenda kusimama mlangoni na kupenga kamasi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Filamu ilikwenda kusafishwa Iringa. Iliporudi niliiweka picha kwenye skana, nikaanza kukata. Ukimwondoa mtu kwenye pazia lake, nyuma yake kompyuta inaweka viraba vya kijivu na vyeupe. Ndiyo namna yake ya kusema hapa hakuna kitu. Nilimwondoa dada yangu kwenye zile ngazi kidogo kidogo, nywele kwa nywele, kidole kwa kidole, hadi akabaki amesimama juu ya viraba. Chini ya kiganja chake napo palikuwa na viraba. Nilimwita aje ajaribiwe. Nilibofya, akatokea. Nikabofya tena, wakawa wawili. Hapo ndipo alipocheka, akaniambia nisije nikamburuta akamwagika kama maua ya harusi, nimgonge mara moja tu na nimgonge vizuri.

Alifariki msimu wa baridi, nyumbani kwa mama, kijijini kwetu karibu na misheni, mahindi yakiwa yameshaingizwa ndani. Picha ya kutangulia jeneza niliitengeneza mimi. Sikuweka njiwa wala waridi. Mama aliniuliza mbona ya mwanawe haina maua wakati za watu wengine zinayo. Mkono ulikataa tu.

Mtoto alibaki kwa bibi yake. Pasaka ilipofika walishuka kwenye basi Makambako, mtoto na gauni jipya, mama na kitenge alichokitunza kwa kwenda kanisani. Nilimsimamisha mtoto kwenye ubao, pembeni kidogo, nikaacha nafasi ya mtu mmoja. Picha ilipokuwa tayari nilimgonga dada pale palipoachwa. Kichwa cha mwanawe kilifika kwenye kifungo cha chini kabisa cha koti, na ule mkono ulielea juu yake, mbali, umeshika hewa. Niliiona kuwa picha mbaya. Hata hivyo niliichapisha.

Mama aliitundika kwa sababu mtoto alilia, lakini usiku huo huo aliigeuza ikatazama ukuta. Alisema aliyelazwa amelazwa. Si haki kumwamsha kila Pasaka avae koti asimame. Asubuhi mtoto alipanda kwenye kigoda akaigeuza tena. Wakaendelea hivyo, bibi akigeuza na mjukuu akirudisha, hadi mama akachoka, na picha ikakaa ilivyotakiwa kukaa.

Mtoto hakudanganywa. Alijua mama yake amekufa na alijua kaburi lake lilipo. Aliketi pajani pangu mbele ya kompyuta, nikafungua ile folda, naye akaniambia, "Mlete." Baadaye akawa anambofya mwenyewe, kwa kidole kimoja, amebana pumzi. Kila mwaka alitaka kujua kwanza kichwa chake kimefika wapi, kisha bado kiasi gani kuufikia mkono. Alipita kifungo cha chini, akapita kilichofuata, akafika karibu na kiuno. Aliponiuliza atafika lini nilimwambia atafika akila ugali na kuacha kuchagua mboga. Akala. Alikuwa mtoto wa kusikia.

Katikati ya hayo kulikuwa na kikohozi kisichokwisha, na sikio lililotoa usaha, likakauka, likatoa tena. Tulisema ni baridi. Ukiishi Njombe unaweza kuisingizia baridi mambo mengi sana, na watakuunga mkono, maana baridi kweli ipo.

Pasaka ninayotaka kuisimulia, kompyuta ilikuwa imezeeka na mjini kulikuwa na studio nyingine zenye mashine za kisasa. Mama hakuja, alisema magoti yanamuuma, nami nilimfuata mtoto kijijini. Nilimpiga picha kama kawaida. Filamu iliporudi alikuwa bado yuko kwangu kwa likizo, tukakaa pamoja. Akafungua folda, akamleta mama yake, akamgonga mara moja tu, vizuri. Aliinua kidole akakigusisha kwenye kioo, kwenye kile kifungo chenye uzi wa kijani.

"Mama mdogo, mwaka jana pia nilikuwa hapa."

Nilimwambia ni viatu, mwaka jana alivaa vya soli nene. Aliniomba nimwonyeshe. Niliitafuta picha ya mwaka jana nikaiweka kando ya hii. Kichwa chake kilikuwa kwenye uzi wa kijani. Nikaitafuta ya mwaka uliotangulia, nikiamini kabisa kwamba ile itanitetea. Kwenye uzi wa kijani. Watu husema mtoto anakua huoni kwa sababu unaye kila siku, na maneno hayo yangenifaa sana siku ile. Lakini kamera ilikuwa imechimbiwa kwa saruji, na ubao haujawahi kung'olewa, na dada alikuwa muhuri, na muhuri hauongezeki wala haupungui. Watoto wawili wa mtaani kwangu waliozaliwa pamoja naye walikuwa wameshaanza kunifikia begani.

Nilikasirika. Niliikasirikia kompyuta kwanza, nikaizima bila kufuata utaratibu wake. Kisha nikamkasirikia dada, aliyejua kila kitu kuhusu nguo na hakuniambia hili moja, au aliniambia kwa kunyoosha ule mkono na mimi nikaona ni mapozi ya picha. Mtoto alidhani nimemkasirikia yeye. Akasema atakula zaidi.

Tajiri alikuwa amesimama nyuma yetu na kofia yake mkononi, anajiandaa kwenda msikitini. Alikuwa ameziona zile picha kabla sijazima. Alimtuma mtoto nje akamnunulie karanga, kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mke wa ndugu yake anatumia dawa sasa, zinatolewa pale hospitali ya Njombe, na amesikia hata watoto wanapewa. Akaniambia niende kesho, nisisubiri mwisho wa mwezi. Halafu akaenda kuswali, na sijui alimwombea nani.

Jioni hiyo tulipanda basi la mwisho kwenda kijijini. Mama alikuwa jikoni anachambua mboga. Nilianza kwa Kiswahili, kwa sababu maneno ya hospitali yalinishinda kwa Kibena; kwa Kibena kila neno lilikuwa na sura ya mtu ninayemjua. Nilizunguka sana. Nilitaja kikohozi, nikataja sikio, nikataja picha. Mama aliendelea kuchambua hadi mboga zikaisha.

"Ile sare yake sijaishusha pindo tangu ninunue," alisema. "Nilishona pindo refu kusudi niwe naishusha kila mwaka."

Nikamwuliza kama alijua.

"Nilikuwa nasubiri useme wewe. Ugonjwa wa mama yake niliutaja mimi, kwa padri, kabla hajafa. Wa huyu sikutaka nianze mimi kuutaja."

Tulikaa pale na yale masazo ya mboga kati yetu. Nililia, na mama akanipa upande wa kitenge chake nijifute, kama nilipokuwa mdogo. Hakulia yeye. Aliinuka akapasha maji ya kumwogesha mtoto, kwa sababu hospitali huendi na mtoto mchafu.

Yaliyotokea Njombe ni yale yale yaliyowatokea wengi, sina haja ya kuyarefusha. Tulikaa kwenye benchi pamoja na watu ambao wengine niliwahi kuwagongea njiwa wa ndugu zao. Tuliangalia chini wote. Mtoto alipimwa uzito, akasimamishwa kwenye ubao wenye namba ukutani, akanyoosha shingo kadiri alivyoweza. Alitolewa damu. Jibu lilikuwa lile tulilokuja nalo. Muuguzi, mama mtu mzima mwenye sauti kavu, alisema mtoto wa umri ule ana haki ya kuelezwa kwa kiasi anachoweza kubeba, na kwamba anaweza kubeba zaidi ya tunavyofikiri. Akamweleza yeye mwenyewe, mbele yetu, bila kuzunguka. Tukarudi tena, na tena, tukafundishwa masaa na masharti, na ndipo siku moja tukatoka pale na vidonge kwenye mfuko wa karatasi.

Siku hiyo mama alishukia kijijini, mimi na mtoto tukaendelea hadi Makambako, maana nilitaka siku za kwanza awe karibu yangu. Alikuwa ameshika ule mfuko mapajani kwa mikono miwili. Nje kulikuwa na ukungu na miti ya mbao iliyopandwa kwa mistari, mstari baada ya mstari. Nilidhani amelala.

"Mama alikunywa hizi?"

Nilimwambia hapana. Wakati wake hazikuwepo huku kwetu.

"Alikuwa na huu ugonjwa wangu?"

Neno hilo sikuwahi kulitamka, si sokoni, si msibani, si kwa mama yangu. Nikasema ndiyo, alikuwa nao.

Akafikiri. Aliufungua mfuko, akachungulia ndani kama anayehakikisha kwamba vidonge havijaondoka, akaufunga.

"Kwa hiyo mimi nitaufikia mkono," alisema. "Halafu nitaupita. Yeye atabaki pale pale, mimi nitampita."

Niligeukia dirishani nisimwonyeshe uso. Alinivuta mkono wa blauzi, ana wasiwasi, akaniuliza kama ni vibaya mtoto kumpita mama yake.

Nikamwambia, "Hapana, mwanangu. Mpite."